Gemu ilikuwa inacheza jana, leo skrini nyeusi

"Mmenila pesa bure." Ndivyo mteja alivyotuandikia wiki iliyopita, na si wa kwanza. Kompyuta tuliyomwekea Linux na kumkabidhi ikicheza gemu vizuri ilikuwa imewaka, halafu skrini nyeusi, mshale mweupe ukipepesa juu kushoto, basi.

Alipoirudisha, tuliikagua tukakuta draiva ya kadi ya picha (programu inayoiendesha kadi) iliyomo si tuliyoweka sisi. Aliona toleo jipya zaidi, akapakua faili la .run, kisakinishi cha Nvidia wenyewe, akalisakinisha juu ya kazi yetu kwa kufuata video. Likamfaa wiki tatu, mpaka kerneli, yaani kiini cha Linux, iliposasishwa.

Draiva ya kadi za Nvidia ina kipande kinachokaa ndani ya kerneli, na lazima kilingane na kerneli iliyopo. Ikitoka kwenye hazina ya programu ya distro yako (aina ya Linux unayotumia), kerneli mpya huja na kipande chake, au programu iitwayo DKMS hukijenga upya bila wewe kujua. Faili la .run likisakinishwa bila DKMS, hakuna wa kukijenga. Tena faili hilohilo huwa limeshaizuia nouveau, draiva huria ambayo ingekuokoa angalau uone picha. Hapo ndipo weusi unapotoka.

Wengi hutuuliza kwa nini kurekebisha ni ghali kuliko kuweka upya. Kuweka ni kazi ya njia moja. Kurekebisha, tunaingia kwenye skrini ya maandishi kwa Ctrl+Alt+F3, tunaondoa kilichopachikwa, tunatafuta maktaba zilizofutwa au kubadilishwa, tunarudisha pakeji (vifurushi vya programu) za distro, tunajenga upya initramfs (faili ambalo kerneli hulitumia mwanzoni inapowaka), kisha tunapima gemu moja moja. Ni kweli Linux ni bure na draiva ni bure. Tunachotoza ni saa hizo, na hatuzipunguzi kwa kuruka hatua.

Tangu Valve, wenye duka la gemu la Steam, walete Proton mwaka 2018, gemu nyingi za Windows zinafunguka kwenye Linux kwa kubonyeza tu, na watu wakadhani nyuma yake hakuna kazi. Proton hugeuza amri za kuchora za Direct3D, za Windows, kuwa za Vulkan, ambazo Linux inazielewa, na Vulkan inategemea draiva. Draiva ikiyumba, Proton haina pa kushika.

Kuna mwingine alidai kadi yake ni mbovu, gemu inakokota fremu nne kwa sekunde. Tukaandika amri ya glxinfo, inayoonyesha nani anachora picha, jibu likawa llvmpipe: prosesa ndiyo iliyokuwa ikichora kila kitu, kadi imekaa tu. Secure Boot, kinga inayokataa programu zisizo na sahihi mashine inapowaka, ilikuwa imewashwa, na kipande cha draiva hakikuwa na sahihi inayokubalika. Ukiweka draiva, mashine ikiwaka tena hutokea skrini ya bluu, mara moja tu, ili uchague Enroll MOK (kusajili ufunguo wa sahihi hiyo) na kuandika nywila uliyoiweka. Yeye alibonyeza Continue boot, skrini ikapita. Kadi ilikuwa nzima kabisa. Siku hizi hatua hiyo tunaifanya mteja akiwa amesimama pembeni anaangalia.

Mwenye kadi ya AMD tunamwambia ukweli: draiva tayari imo kwenye kerneli, na Mesa, maktaba za kuchora picha, inakuja na distro. Kwake tunatoza kuweka maktaba za biti 32 ambazo Steam inazihitaji, na kupima. Na tafadhali, msiache gemu kwenye diski ya NTFS mliyorithi kutoka Windows. Proton huunda viungo (njia za mkato za faili) vyenye nukta mbili (:) kwenye jina, na huko vinaleta matatizo. Gemu za mashindano ambazo kinga yake dhidi ya udanganyifu haikubali Linux, tunazikataa mapema. Hatuwezi kupokea pesa kwa kitu kisichowezekana.

Yule wa skrini nyeusi tulimtoza bei kamili ya ukarabati, tukamwonyesha kumbukumbu ya usakinishaji yenye tarehe aliyoliweka faili lile. Orodha ya pakeji zote tulizoweka iko kwenye folda lako la nyumbani. Ukitamani draiva mpya, tuandikie kwanza. Kuangalia kama hazina ya distro yako inayo ni dakika mbili, na hizo hatuzitozi.