Sikwenda Ulaya matembezini

Ndugu Mhariri,

Mwezi uliopita usharika wetu huku Kagera ulipokea wageni tisa kutoka Ujerumani, waliokuja kwa wiki mbili kupaka rangi madarasa ya chekechea. Kwaya iliwalaki barabarani, wakavishwa vitenge, mbuzi akachinjwa. Kwenye mnada baada ya ibada mmoja wao alinunua jogoo kwa bei ya mbuzi, watu wakashangilia. Sina kinyongo nao. Walichapa kazi, ingawa rangi iliisha siku ya nne na baadaye wakaenda zao Serengeti kuangalia simba.

Kilichoniuma ni matangazo. Mzee wa kanisa alisimama akasoma kwamba tuna wamisionari kutoka Ujerumani, wote tukapiga makofi. Akageuza karatasi, akaongeza: "Pia kijana wetu amerudi salama kutoka matembezini Ulaya." Kijana huyo ni mimi.

Matembezini! Nilikaa mjini Wuppertal, Ujerumani, miezi 12 nikijitolea kwenye nyumba ya wazee. Zamu ilianza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na kazi ya kwanza ilikuwa soksi. Wazee wenye miguu inayovimba huvalishwa soksi za kubana kabla hawajashuka kitandani, na soksi hizo ni ngumu kama mpira wa baiskeli. Unapiga magoti, unashika kisigino, unavuta polepole usije ukachubua ngozi iliyokwisha kuwa nyembamba kama karatasi. Bibi mmoja wa miaka 91 alikuwa akibonyeza kengele usiku kucha kuuliza saa ngapi, na saa ya ukutani ilikuwa mbele ya macho yake. Wiki ya kwanza nilimtajia saa nikaondoka. Baadaye nikajifunza kuvuta kiti. (Kijerumani changu kilikuwa cha miezi mitatu tu. Nilipoambiwa nina "Dienst", yaani zamu, nilielewa "Dienstag", Jumanne, nikalala. Nilifuatwa chumbani.)

Wengi hapa wanadhani nililipwa mshahara nikauficha. Ujerumani iliposimamisha utumishi wa lazima jeshini mwaka 2011, ulikoma pia utumishi wa vijana waliokataa kushika bunduki, na wengi wa vijana hao ndio waliokuwa wakiwahudumia wazee na wagonjwa. Serikali ikaanzisha mpango wa kujitolea, na hata sisi wa kutoka nje tunaruhusiwa kujiunga. Unapewa mahali pa kulala, chakula, bima na hela ya mfukoni, basi. Anayeniuliza nimemletea simu gani, jibu langu ni hilo.

Hela si hoja yangu kubwa, Mhariri. Kule kanisani walinipokea kama mtu aliyetumwa. Jumapili yangu ya kwanza mchungaji aliniita mbele, akasema kanisa la Tanzania limewatumia mtumishi, wakaniombea. Waumini hawakufika 40, wengi wenye mvi. Niliona aibu, maana huku nyumbani hakuna aliyenituma. Niliagwa stendi na mama yangu na shangazi wawili, na mchungaji wetu alinipungia mkono akiwa kwenye pikipiki.

Wamisionari wa Kijerumani wa misheni ya Bethel walifika Bukoba mwaka 1910 na mpaka leo tunawataja kwa majina. Shirika lililotokana na misheni za zamani kama hiyo, United Evangelical Mission (UEM), tangu 1996 ni la pamoja, na makanisa ya Afrika na Asia ni wanachama kamili. Askofu Josiah Kibira, mtoto wa huku huku, alichaguliwa mwaka 1977 kuwa rais wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, Mwafrika wa kwanza kushika kiti hicho. Baada ya yote hayo, bado Mzungu akija kushika brashi wiki mbili yuko kwenye misheni, na mtoto wetu akienda kuwaogesha wazazi wa Wazungu mwaka mzima "amebahatika".

Nami nilikuwa na kosa langu. Nilipopewa nafasi ya kuzungumza na vijana, nilionyesha picha za theluji na ile treni ya Wuppertal inayoning'inia juu ya mto. Habari za soksi sikuzigusa, niliona haya. Huenda ndiyo maana mzee wa kanisa akasema alichosema.

Sasa kuna binti wa usharika wetu anasubiri viza, na akiipata ataondoka Agosti kwenda kuwahudumia watu wenye ulemavu. Nimeanza kumfundisha Kijerumani kila Jumamosi jioni, tukaanza na "Dienst" na "Dienstag". Naomba viongozi wetu, ambao najua gazeti hili wanalisoma, wamwite mbele ya madhabahu Jumapili moja kabla hajasafiri, wamwekee mikono, na kwenye karatasi ya matangazo waandike anakwenda kufanya kazi gani. Kitenge nitanunua mwenyewe.

Msharika,
Kagera