Barua kutoka Gujarat: watu wa Jambur

Rajkot, Gujarat, India

Shoga yangu Rehema,

Salamu nyingi. Mimi mzima, masomo yanaenda, ila joto la huku limezidi. Juzi nilikwenda Jambur, na tangu nirudi nakuwaza wewe uliyekuwa karani wa sensa mwaka 2022.

Jambur ni kijiji kidogo upande wa Talala, jirani na msitu wa Gir wenye simba. Wakazi wake wengi ni Wasiddi, watu wenye asili ya Afrika. Wazee wao walivushwa bahari karne nyingi zilizopita, wengine kama watumwa, wengine askari na mabaharia. Ukiwaona utadhani uko Kilwa, lakini lugha yao ni Kigujarati. Ni Waislamu, na wana kaburi wanalolizuru la mtakatifu wao, Nagarchi Pir. Wengi ni vibarua mashambani; wengine huwachezea watalii ngoma ya dhamal.

Mama mmoja alinikaribisha chai, tukainywa kwenye visahani kama ilivyo desturi ya huku. Kisha akatoa mfuko wa nailoni, na ndani yake karatasi iliyokunjwa mpaka mikunjo imeanza kukatika: cheti cha kuthibitisha kwamba mwanawe ni wa kabila lililoorodheshwa na serikali. Kwa karatasi hiyo kijana anagombea nafasi zilizotengwa vyuoni na katika ajira za serikali. Alinionyesha muhuri kwa kidole, akaikunja tena taratibu.

Rehema, huku kuhesabiwa ni riziki. Sensa ya 2011 inaonyesha kila kijiji kina watu wangapi, wanaojua kusoma wangapi, wa makabila yaliyoorodheshwa wangapi, na wa tabaka zilizoorodheshwa, yaani Dalit, watu wa tabaka la chini waliotengwa kama najisi, wangapi. Kwa nchi nzima Dalit walikuwa asilimia 16.6 na makabila asilimia 8.6. Tangu 1993 viti vyao katika panchayat, baraza la kijiji, hutengwa kulingana na idadi yao, na wanawake hupata angalau theluthi moja ya viti vyote. Watoto wa chini ya miaka saba huhesabiwa peke yao pia, na hapo nilisikitika: wasichana hawakufika 920 kwa kila wavulana 1,000.

Lakini kilichoniuma zaidi ni suala la dini. Kwa amri ya 1950, orodha ya Dalit ilikuwa hasa ya Wahindu. Masingasinga wakaongezwa 1956, Wabudha 1990. Mwislamu au Mkristo hayumo, hata kama babu yake alizuiwa kuchota maji kisimani pamoja na wenzake. Orodha ya makabila haina sharti hilo, ndiyo maana Wasiddi wamo. Waislamu wawili maskini wanaweza kuishi mlango kwa mlango, mmoja, Msiddi, ana cheti, mwenzake wa ukoo wa Dalit hana. Hiyo si haki, na sioni namna ya kuitetea.

Sensa ya 2027 imepangwa kumuuliza kila mtu tabaka lake, jambo ambalo halijafanyika kikamilifu tangu 1931. Kwetu Tanzania hatuulizi kabila wala dini, na mimi bado naona tumefanya vyema. Ila kwa yule mama wa Jambur, ningeomba aulizwe.

Niandikie basi: ulipopita nyumba kwa nyumba, kuna waliotaka kabila lao liandikwe? Uliwajibuje?

Msalimie mama na wadogo zako.

Akupendaye,
Zuhura