Barua ya wazi kwa Waziri wa Uchukuzi: Fedha za injini zitengwe kabla ndege haijaanza kazi

Mheshimiwa Waziri,

Ndege mpya ya shirika la umma inapowasili, magari ya zimamoto huimwagia maji, hotuba husomwa na picha hupigwa. Sipingi sherehe. Ninachouliza ni kama siku hiyo kuna akaunti iliyofunguliwa kwa ajili ya injini zake, maana deni la matengenezo huanza kuhesabiwa safari ya kwanza kabisa.

Kazi yangu ni kupanga matengenezo ya ndege. Ukaguzi mdogo haunikoseshi usingizi: huja kila baada ya saa mia kadhaa za kuruka, mara nyingi hufanywa usiku, na asubuhi ndege hurudi kazini. Mzigo ni ukaguzi mkubwa, unaoilaza ndege karakanani kwa wiki kadhaa, na zaidi ya huo, injini. Ndani ya injini kuna sahani na vipande vinavyozunguka ambavyo mtengenezaji ameviwekea ukomo wa idadi ya miruko, yaani kuruka na kutua. Ukomo ukifika, kipande kinatoka hata kama kinang'aa. Hakuna kuomba nyongeza ya wiki mbili ili bajeti ipite bungeni.

Hapo ndipo hesabu za wizara zinapopotoka, kwa sababu nyingi zinaangalia saa za angani peke yake. Mwaka 1988, Boeing 737 ya Aloha Airlines ilinyofoka sehemu ya paa ikiwa angani huko Hawaii, na mhudumu mmoja akapoteza maisha. Ndege ile ilikuwa na saa 35,496 tu, lakini ilikuwa imeruka na kutua mara 89,680, katika hewa ya chumvi. Gawanya mwenyewe: wastani wa safari haufiki dakika 25. Wachunguzi waliulaumu mpango wa matengenezo wa shirika ulioshindwa kugundua nyufa na maungio yaliyoachia. Kwa hiyo agizo la kuongeza kituo kimoja njiani, hata likitolewa kwa nia njema, linaongeza mruko na lina bili yake, na bili hiyo haionekani kwenye mauzo ya tiketi.

Fedha zikikosekana, mafundi hugeukia njia ninayoichukia kuliko zote: kunyofoa kipuri kwenye ndege iliyoegeshwa na kukifunga kwenye inayoruka. Kazi inafanywa mara mbili, kipuri kinaweza kuharibika kikitolewa, na ile iliyonyofolewa inaendelea kula kodi, bima na maegesho bila kubeba abiria. Kwenye ripoti bado inahesabiwa kuwa ni ndege. (Ningependa siku moja ripoti iandike zinazoruka tu.)

Najua utaambiwa kwamba injini mpya hazisumbui. Mwaka 2023 kampuni ya kutengeneza injini ya Pratt & Whitney ilitangaza kasoro katika unga wa chuma uliotengenezea sahani za injini za baadhi ya Airbus A320neo; ilikadiriwa kila injini ingekaa nje ya bawa siku 250 hadi 300. Mtengenezaji anaweza kulipa fidia, ila fidia haisafirishi abiria. Mwenye injini ya akiba, au mkataba wa kukodi aliousaini mapema, alipata nafuu. Wengine walipanga foleni.

Ombi langu ni hili. Kila saa ya kuruka na kila mtuo uingize kiasi kilichokokotolewa na wahandisi kwenye akaunti ya matengenezo, akaunti isiyoguswa kwa mishahara wala mafuta, hata mwezi ukiwa mgumu. Wakodishaji wa ndege huwatoza wateja wao akiba ya namna hiyo, kwa nini mwenye mali asijitoze? Mkataba wa kununua ndege nyingine usisainiwe kabla Bunge halijaonyeshwa salio la akaunti hiyo, pamoja na orodha ya tarehe ambazo kila injini iliyopo inatarajiwa kushushwa kwa matengenezo. Orodha hiyo tunayo tayari mezani. Inasubiri kuitwa.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mhandisi wa mipango ya matengenezo