Karakana ya viungo bandia isogezwe Kusini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie makala mliyoitoa hivi karibuni kuhusu viungo bandia vinavyotengenezwa kwa printa za 3D, yaani mashine zinazounda kitu kwa kupanga plastiki tabaka juu ya tabaka. Mwandishi alizisifu mashine hizo, na kwa haki, lakini sisi wa Kusini tungependa kusikia zaidi habari za miezi inayofuata baada ya mgonjwa kukabidhiwa mguu na kupigwa picha.

Kinachomsumbua aliyekatwa mguu mara nyingi ni soketi, yaani kile kikombe kinachopokea kigutu. Kigutu husinyaa katika miezi ya mwanzo baada ya upasuaji, na mtoto naye hukua, hivyo soketi iliyomkaa mtu vizuri Januari huenda ikamchubua kabla msimu wa korosho haujaanza. Jirani yangu hapa Tandahimba alipata mguu mzuri Dar es Salaam, akautumia hadi ulipoanza kumtia vidonda. Sasa anatembelea mkongojo, kwa kuwa nauli, malazi na gharama za mtu wa kumsindikiza vinamshinda. Na Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipoandamana na mvua zilizokata barabara kuu upande wa Kilwa, hata mwenye nauli alikwama.

Hapa ndipo teknolojia ingetufaa. Kigutu kinaweza kupimwa kwa kamera maalumu papa hapa Mtwara, vipimo vikatumwa kwa intaneti kwa mtaalamu aliye mbali, naye akaichora soketi kwenye kompyuta, mgonjwa akiwa nyumbani kwake. Hata hivyo, kuivalisha na kuirekebisha kunahitaji mikono ya fundi aliyesomea, na bahati nzuri chuo cha TATCOT kule Moshi kimekuwa kikiwafundisha mafundi hao tangu mwaka 1981.

Jambo la pili ni mazingira. Plastiki ya bei nafuu inayotumiwa na printa nyingi hulainika kwenye joto la nyuzi 60 hivi, na anayetaka kujua maana yake aache kitu ndani ya gari lililofungwa juani saa saba mchana. Wahindi walilifikiria suala hili mapema: mwaka 1968, mjini Jaipur, fundi Ram Chandra Sharma na daktari P. K. Sethi walibuni mguu wa mpira ambao mtu anaweza kuuvaa akachuchumaa, akatembea pekupeku na kuingia kwenye matope. Nasi huku tunakaa jamvini, tunavua viatu msikitini, na mikorosho yetu imeota kwenye mchanga unaopenya kila mahali. Mguu usioyaweza hayo utavaliwa siku za sherehe tu.

Kwa hiyo naiomba Wizara ya Afya ihakikishe kwamba Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini ina karakana yenye kamera hizo na mafundi wa kudumu, pamoja na pikipiki ya kuwafikisha Newala, Nanyumbu na Liwale kukagua soketi kabla hazijaleta vidonda. Mfadhili atakayejitolea kuleta printa aulizwe kwanza, kabla ya kukata utepe, ni nani atakayenunua malighafi na vipuri ufadhili wake ukiisha.

Msomaji wenu,
Tandahimba, Mtwara