Msihesabu orofa, pimeni kiwanja

Mhariri,

Katika kurasa za nyuma za magazeti yetu hutokea vitangazo vidogo vya kubadilisha matumizi ya ardhi. Vina mistari sita au saba tu, nambari ya kiwanja, na maneno kama "kutoka nyumba ya familia moja hadi fleti". Wasomaji huvipita. Miezi kadhaa baadaye nyumba ya mawe yenye paa la vigae huko Kileleshwa au Kilimani inabomolewa, kreni inasimama, na majirani wanatoka na mabango yanayosema orofa ni nyingi mno. Sisi tunaofanya kazi ya upangaji miji tunaona uchungu wao ni wa haki. Lakini malalamiko yenyewe hufika yakiwa yamechelewa, na hupima kitu ambacho si msingi wa kanuni.

Nairobi imegawanywa katika kanda zenye nambari. Mwongozo unaotajwa mpaka leo katika maombi na mashtaka ni ule wa mwaka 2004, wa enzi za Baraza la Jiji. Kila kanda ina tarakimu mbili zinazotawala ujenzi wote. Ya kwanza ni sehemu ya kiwanja inayoruhusiwa kufunikwa na jengo. Ya pili ni uwiano wa sakafu, yaani jumla ya sakafu za orofa zote ikilinganishwa na ukubwa wa kiwanja. Kanda ya 4, yenye Kilimani, Kileleshwa, Riverside, Thompson na Woodley, imepewa asilimia 35 kwa 75 penye bomba la majitaka la umma. Pasipo na bomba hilo tarakimu hushuka hadi 25 kwa 25, na fleti haziruhusiwi kabisa. Loresho na Kyuna, zilizo katika Kanda ya 5, ni 25 kwa 25, nyumba ya familia moja kwenye kiwanja kisichopungua hekta 0.2. Eastleigh, ambako maduka na makazi yamechanganyika, hufika 60 kwa 240.

Chukua kiwanja cha nusu ekari katika Kanda ya 4. Hiyo ni takriban mita za mraba 2,023. Asilimia 35 ni mita 708, na hapo ndipo jengo linapoweza kukanyaga ardhi. Asilimia 75 ni mita 1,517, nazo ni sakafu zote ukizijumlisha. Mjenzi akijaza mita zote 708 chini, orofa ya pili itammalizia karibu kila alichopewa. Akitaka orofa nne, ambazo ndizo kikomo cha mwongozo katika kanda hiyo, basi kila sakafu isizidi mita 379, na zaidi ya robo tatu ya kiwanja ibaki wazi. Sasa weka orofa 14 juu ya zile mita 708. Unapata sakafu za mita 9,912, yaani asilimia 490 ya kiwanja. Tarakimu hiyo ndiyo inayostahili kuandikwa kwenye bango na kwenye barua ya pingamizi. "Orofa ni nyingi" ni maoni, na afisa anaweza kuyajibu kwa maoni yake. Lakini 490 mahali palipoandikwa 75 ni hesabu, na hesabu hujibiwa kwa hesabu au kwa hati inayoonyesha kwamba kanuni ilibadilishwa kihalali. Kama kaunti imepitisha sera mpya kwa mtaa wenu, ombeni tarakimu zake kwa maandishi kutoka ofisi ya mipango. Msichukue neno la wakala wa kuuza nyumba.

Mbona sheria ikajali sakafu kuliko urefu? Kwa sababu watu hukaa kwenye sakafu, na mabomba huhudumia watu. Tukichukulia fleti moja inakula mita 120 pamoja na ngazi na veranda, zile mita 1,517 ni fleti 12. Kwa watu wanne kila fleti na lita 150 za maji kwa mtu kwa siku, ni lita 7,200. Mita 9,912 ni fleti 82, na kwa hesabu hiyo hiyo ni lita 49,200 kila siku, karibu malori matano ya maji ya lita 10,000. Takriban asilimia 80 ya maji hayo hurudi kama majitaka. Bomba la mtaa lililolazwa kwa ajili ya nyumba moja moja haliongezeki kipenyo kwa sababu jengo limeongezeka. Linapozidiwa halipasuki mbele ya jengo jipya. Majitaka huibuka kwenye shimo la ukaguzi lililo chini kabisa ya mteremko, mara nyingi kwa jirani asiye na habari na mradi wowote. Upande wa maji, mjenzi hujibu kwamba atachimba kisima. Kisima nacho kinahitaji kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, na majengo kumi yakivuta kutoka mwamba mmoja, kina cha maji hushuka kwa wote. Ndiyo maana swali la kwanza kwa mradi wowote liwe hili: barua ya kampuni ya maji inayothibitisha uwezo wa bomba la majitaka iko wapi, na inataja fleti ngapi?

Sasa tarehe. Sheria ya Mipango ya Ardhi na Matumizi Yake ya mwaka 2019, kifungu cha 58, inamtaka mwombaji autangazie umma mradi wake na kuwaalika watu watoe pingamizi. Tangazo la kubadilisha matumizi kwa kawaida hutoa siku 14. Zinaanza siku ya tangazo, hata kama wewe umeliona siku ya kumi. Katika kifungu hicho hicho mna jambo ambalo wakazi wachache wanalijua: mwombaji asipopata jibu la maandishi ndani ya siku 60, huchukuliwa kuwa amekubaliwa. Kwa hiyo chama cha wakazi kinachokwenda kumsihi afisa "akalie faili kwanza" kinamfanyia mjenzi kazi. Ombeni faili ijibiwe, na ijibiwe kwa kukataa au kwa masharti yaliyoandikwa.

Barua ya pingamizi isizidi kurasa mbili. Iandikiwe waziri wa kaunti anayesimamia mipango ya miji, itaje nambari ya kiwanja, na itaje zote mbili, ile ya zamani na ile mpya ya bloku, kwa kuwa hati nyingi za Nairobi zimehamishiwa mfumo mpya na faili hupotea katikati ya nambari mbili. Eleza kanda, tarakimu zake mbili, kisha tarakimu za mradi kama zilivyo kwenye tangazo au kwenye michoro. Ambatisha ramani ndogo inayoonyesha kiwanja chako kiko umbali gani. Kama hati ya upangishaji wa ardhi ina sharti maalum, mathalani "nyumba moja ya makazi pamoja na nyumba ya watumishi", linukuu neno kwa neno. Masharti hayo bado yapo kwenye hati za viwanja vingi vya magharibi mwa jiji na watu huyasahau. Peleka nakala mbili, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Bila muhuri, siku ya rufaa utaambiwa hukupinga.

Kuna mlango mwingine wa kushiriki ambao watu huupitia wakiwa wamefumba macho. Kabla ya kupata leseni ya NEMA, yaani mamlaka ya kitaifa ya mazingira, mtaalamu wa mjenzi hupita nyumba kwa nyumba na dodoso. Mara nyingi humkuta mlinzi au msaidizi wa nyumbani, naye hutia sahihi akidhani ni orodha ya wageni. Karatasi hiyo huingia kwenye ripoti kama ushahidi kwamba majirani walihusishwa. Anayeijaza awe mwenye nyumba au mpangaji mwenyewe, aandike pingamizi lake ndani ya nafasi iliyopo, apige mstari katika nafasi zilizobaki tupu, na aipige picha kabla ya kuirudisha.

Mjenzi hana haja ya kuvunja sheria waziwazi ili azidishe sakafu. Njia iliyozoeleka ni marekebisho. Ombi la kwanza huwa la orofa nne, linatangazwa, halipingwi. Kisha michoro "inarekebishwa" mara moja au mbili, na hakuna jirani anayeambiwa. Nyingine ni kuhesabu eneo la kiwanja kabla ya kukatwa ardhi ya kupanua barabara: kiwanja cha mita 2,023 kikitoa mita 200 kwa barabara, tarakimu zote mbili zinapaswa kupigwa upya kwa mita 1,823. Ya tatu ni kuziita orofa za chini maegesho ili zisihesabiwe, kisha mwaka wa pili zikageuzwa ofisi au ukumbi wa mazoezi. Na wako wanaounganisha viwanja viwili kwenye michoro huku hati bado ni mbili. Mambo haya manne huonekana kwenye michoro iliyoidhinishwa, si kwenye picha ya kompyuta iliyobandikwa langoni. Ombeni michoro yenye muhuri wa kaunti.

Kwa majirani wa ukuta kwa ukuta, msisubiri shimo la maegesho lichimbwe. Pigeni picha za kuta, sakafu na ua wenu zikiwa na tarehe, na mwombe kwa maandishi ripoti ya udongo pamoja na mchoro wa kuzuia kingo za shimo zisiporomoke. Ufa uliopigwa picha kabla na baada ni kesi. Ufa usio na picha ya awali utaambiwa ulikuwepo tangu zamani. Na aliye karibu na uwanja wa ndege wa Wilson aulize pia kibali cha urefu kutoka Mamlaka ya Safari za Ndege.

Ujenzi ukianza bila idhini, kifungu cha 57 kinaufanya kuwa kosa lenye faini isiyozidi shilingi 500,000, au kifungo kisichozidi miezi miwili, au vyote viwili. Kwa jengo la mamilioni mengi faini hiyo haimtishi mtu, na tunaona Bunge lilikosea hapo. Chenye nguvu zaidi ni notisi ya utekelezaji ya kifungu cha 72, inayoweza kusimamisha kazi na kudai hali irudishwe ilivyokuwa. Idhini ikitolewa na huridhiki, una siku 14 kukata rufaa kwa kamati ya kaunti ya kusuluhisha masuala ya mipango ya ardhi, nayo ina siku 14 kuamua, kabla ya Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Leseni ya NEMA hupingwa kwingine, katika Jopo la Kitaifa la Mazingira, na muda wake ni siku 60. Watu huruka moja kwa moja hadi mahakamani kwa sababu ndiko waandishi wa habari walipo. Wakili wa mjenzi huanza kwa kusema milango ya chini haikubishwa, na kesi inaweza kuishia hapo kabla ya hoja ya majitaka kusikizwa.

Tuseme na upande wa pili, maana hatupingi jiji kuongezeka ndani ya mitaa yake. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 4,397,073 jijini Nairobi. Afadhali waishi Kilimani karibu na kazi kuliko kuendelea kula mashamba ya Kiambu na kupoteza saa barabarani. Tena mitaa yenye asilimia 25 haikupata nafasi hiyo kwa bahati. Ukoloni uliwatengea Wazungu vilima vya magharibi, Wahindi Parklands, na Waafrika Eastlands kwenye vyumba vilivyobanana, na mipaka ya kanda bado inafuata nyayo hizo. Anayedai Loresho ibaki vile vile milele ana deni la kueleza familia za Mathare zitakwenda wapi. Lakini kanuni ya zamani ikiwa mbaya, ibadilishwe kwa mpango unaojadiliwa hadharani, utakaosema bomba litapanuliwa lini na nani atalilipia. Kuiacha kwenye karatasi kisha kuipuuza kiwanja kwa kiwanja kunampa faida anayejua afisa gani wa kuonana naye, na gharama inabaki kwa anayenunua fleti kwa mkopo bila kuona michoro.

Kwa hiyo tuna maombi mawili. Kaunti iagize kila bango la mradi, pamoja na majina ya msanifu na mhandisi na nambari za idhini, za NEMA na za Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, lionyeshe pia ukubwa wa kiwanja, asilimia inayofunikwa, jumla ya sakafu na idadi ya fleti zilizoidhinishwa. Mistari minne inatosha, na inasomeka na mtu aliye barabarani. Nawe Mhariri, tunakuomba utenge siku moja ya wiki na ukurasa mmoja kwa vitangazo hivi, uvipange kwa majina ya mitaa badala ya nambari za viwanja, na uchapishe tarehe ya mwisho ya pingamizi kwa herufi nzito juu ya kila kimoja.

Wapangaji wa miji,
Nairobi