Dada, usimkondeshe mtoto, mwache arefuke

Dada,

Shikamoo. Umeniuliza kama ni sawa mtoto alale bila kula ili apungue, kwa kuwa anasemwa kuwa mnene, na kama ile chai ya kupunguza mwili anaweza kunywa walau nusu kikombe. Hapana, na hapana. Najibu hadharani kwa sababu wazazi wengi wanauliza hayohayo.

Mwanao ana miaka tisa na bado anakua. Kuanzia miaka mitano hadi kubalehe, mtoto hurefuka kwa takriban sentimita 5 hadi 6 kwa mwaka. Kwa hiyo, kwa wengi wa umri wake, si lazima hata kilo moja ipungue. Uzito ukibaki palepale, au ukipanda taratibu huku kimo kikiongezeka, mwili unajipanga wenyewe. Ukimlaza na njaa, unamnyima pia protini, madini ya chuma na kalsiamu ambayo mifupa yake inaidai sasa hivi. Chai hizo nazo, nyingi zina dawa ya kuharisha. Kinachotoka ni maji na chumvi za mwili, mafuta yanabaki palepale.

Halafu, nani amesema amezidi uzito? Kama ni majirani, hawana chati. Mpeleke kliniki apimwe uzito na urefu, vilinganishwe na umri na jinsia yake. Shirika la Afya Duniani lilitoa chati za watoto wa miaka 5 hadi 19 mwaka 2007, na mhudumu atakuonyesha mwanao yuko wapi. Ukiwa huko, taja kama anakoroma usiku, kama ana kiu na anakojoa kupita kawaida, kama ngozi ya shingo imekuwa nyeusi na nene hata akioga haitoki, au kama ananenepa lakini harefuki, maana hapo huenda kuna tatizo la homoni. Akianza kuchechemea au kulalamika maumivu ya nyonga au goti, usingoje siku ya kliniki. Mpeleke mara moja.

Nyumbani, anza na vinywaji. Soda moja ya mililita 330 huwa na takriban gramu 35 za sukari, yaani vijiko vinane au tisa vya chai, na tumbo halishibi. Juisi, hata ya matunda matupu, haiko mbali sana na hapo. Tunda lenyewe ni bora. Sasa sikia sehemu ngumu: soda itoke nyumbani kwa wote. Najua shemeji atanuna. Lakini huwezi kumwekea mtoto maji huku baba yake anafungua chupa mbele yake, wala kumpakulia sahani ya peke yake kama mgonjwa. Kinachobadilika ni nyumba.

Mezani mgawane kazi. Wewe unaamua kinachopikwa na saa ya kula. Yeye anaamua ale kiasi gani. Mpakulie kidogo, akitaka aongezewe. Na lile agizo la kumaliza kila kitu kwenye sahani liishe, maana linamfundisha kutosikiliza tumbo lake. Mboga akizikataa leo, zirudi kesho bila vita. Watoto wengine huonja chakula mara kumi na zaidi ndipo wakikubali chakula hicho. Televisheni na simu zizimwe wakati wa kula.

Acheze walau dakika 60 kwa siku, hata kwa vipande vipande, mpaka aheme. Mbio zisiwe adhabu. Alale saa 9 hadi 12, kwani usingizi mchache huongeza hamu ya kula.

Linaloniuma zaidi ni jina "bonge". Mama yetu analitamka kwa mapenzi, wajomba wanacheka, mtoto naye anacheka. Lakini baadhi ya watoto wanaotaniwa miili yao huishia kula kwa kujificha, na mara nyingi uzito huzidi kupanda. Nitaongea na mama mwenyewe. Wewe wakataze wengine, na usimzungumzie mwili wake mbele ya wageni, hata kwa kumsifu kuwa amepungua.

Mizani itoke chumbani kwake. Kupimwa kila baada ya miezi michache kunatosha, kliniki hukohuko. Wakikuandikia majibu, hakikisha na urefu umo, kisha unipigie tuyasome pamoja.

Mdogo wako