Barua ya wazi kwa Waziri wa Sanaa: Tunamcheka Majuto, nani analipwa?

Mheshimiwa Waziri,

Wiki iliyopita nilipanda basi la asubuhi kutoka Tanga kwenda Dar es Salaam. Tulipoiacha Segera, kondakta akawasha runinga, akatokea mchekeshaji Mzee Majuto, macho yamemtoka, hajasema neno. Basi zima kicheko. Mama aliyekaa kando yangu alijifuta machozi kwa ncha ya mtandio, akasema, "Huyu baba hata akikohoa nacheka."

Majuto, jina lake halisi Amri Athumani, mtoto wa Tanga, alizaliwa 1948 na kupanda jukwaani 1958. Televisheni huku Bara ilianza 1994. Yaani kwa miaka 36 alikuwa akichekesha watu wa ukumbini, na aliyekaa nyuma kabisa naye lazima auone uso ukibadilika. Kamera ilipomfikia, hakuhitaji maneno mengi. Bega likipanda kidogo, jicho likihama, watu hoi. Ufundi huo hakuupata kwa siku moja, ila waigizaji wetu wengi hulipwa kwa hesabu ya siku moja: hela mkononi, kwaheri.

Mwaka 2018, mzee akiwa mgonjwa, Dk. Harrison Mwakyembe, aliyekuwa kwenye kiti hicho chako, aliunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii. Jambo jema, ila lilimkuta mzee yuko kitandani. Tarehe 8 Agosti akafariki Muhimbili, akazikwa Tanga.

Sheria hatujakosa. Ya Hakimiliki ni ya 1999, na inamtambua mwigizaji. Ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ni ya 1976, na mtayarishaji hapigi picha za filamu bila kibali. Mlango huo mmoja unanitosha. Pale muswada wa filamu unaposomwa kabla ya kibali kutolewa, na mkataba wa kila mwigizaji usomwe, hata wa yule anayetokea kufungua geti tu. Uwe kwa Kiswahili. Useme kazi ikirushwa tena, ikiuzwa tena, ikipandishwa mtandaoni, mwigizaji anapata nini. Na akifa, anapokea nani.

Utaniambia msanii ni mtu mzima, asome kabla ya kusaini. Mheshimiwa, mzee wa watu anawekewa karatasi ya Kiingereza saa mbili usiku, wenzake wameshavaa, jenereta inanguruma, kila mtu anamsubiri yeye. Atasaini tu. Nimeliona hilo kwa macho yangu, kwa mzee mwingine ambaye simtaji. Mimi ndiye niliyekuwa nimeshika taa, na nikammulikia mahali pa kuweka sahihi.

Filamu ilikwisha tukikaribia Chalinze. Kondakta akaweka nyingine. Majuto tena.

Wako mtiifu,
Mshika taa mstaafu, Tanga